Taulo Chini ya Mlango wa Roshani

Asubuhi ya pili baada ya meli yetu mpya kuondoka Barcelona, niliingia katika chumba cha sitaha ya tisa kilichokuwa na sebule, meza ya chakula ya watu wanne, bafu la marumaru nyeupe na roshani ndefu kuliko ukumbi wa nyumba niliyokulia Ngamiani, mjini Tanga, nikakuta taulo moja limesokotwa kama kamba na kushindiliwa chini ya mlango wa roshani. Nilidhani maji yamevuja. Nikaliondoa, nikafuta mahali palipokuwa pakavu tayari, nikaweka taulo jipya bafuni. Jioni nilipokwenda kuandaa kitanda, lile jipya nalo lilikuwa limesokotwa na kuwekwa palepale. Wenye chumba, mtu na mkewe kutoka Uingereza, walikuwa wapole mno, na kila nilipowauliza kama wanahitaji chochote walinijibu kwamba kila kitu ni kizuri ajabu. Ilinibidi nisimame kimya katikati ya sebule, meli ikiwa mwendoni, ndipo nikausikia upepo ukipiga mluzi mwembamba kupitia upenyo wa mlango. Mchana mluzi ule usingemshughulisha mtu. Usiku ulitosha kumkosesha usingizi.

Nilifanya kazi ya kuhudumia vyumba vya hadhi ya juu katika meli ile kwa mikataba mitatu, na sasa nimerejea Tanga, ambako nasimamia nyumba ndogo ya wageni ya familia yetu huko Raskazone. Watu wakisikia nilikotoka hutaka niwasimulie vioo, dhahabu na vyakula, nami huwasimulia kwa sababu vilikuwapo. Hata hivyo, jambo nililojifunza kwa uchungu na kwa furaha ni jingine: mgeni hutoa maoni yake kuhusu chumba mara mbili, mara moja kwa kinywa na mara nyingine kwa mikono, na maoni ya mikono ndiyo ya kweli zaidi. Taulo lile lilikuwa barua niliyoandikiwa, nami nikaitupa katika kapu la dobi bila kuisoma.

Msomaji asiyezijua meli hizi huenda akashangaa kwa nini chumba kizungumzwe kiasi hicho. Kampuni za meli za utalii hushindana sana kwa vyumba, na kila meli mpya hutangazwa kwa kile ambacho za awali hazikuwa nacho. Mwaka 1984, Royal Princess ilipozinduliwa na Diana, Binti Mfalme wa Wales, huko Southampton, habari kubwa ilikuwa kwamba vyumba vyake vyote vya abiria vinatazama nje. Mwaka 2016 Seven Seas Explorer ilikuja na chumba kimoja chenye zaidi ya mita za mraba 400, kilichotangazwa kwa takribani dola 10,000 kwa usiku, na kitanda chake pekee kilisemwa kuwa na thamani ya dola 150,000. Miaka miwili baadaye Celebrity Edge, iliyojengwa Saint-Nazaire nchini Ufaransa, iliondoa roshani ya kawaida katika vyumba vingi, mahali pake pakawekwa dirisha kubwa ambalo nusu yake ya juu hushuka kwa kubonyeza kitufe, hivyo eneo la roshani likawa sehemu ya chumba. Wasafiri waligawanyika. Wapo walioipenda nafasi iliyoongezeka, na wapo waliosema kwamba roshani ni mahali ambapo mtu hutoka, akafunga mlango nyuma yake na kupigwa na upepo, na kwamba dirisha hata likiwa kubwa vipi haliwi nje. Nimeutafakari sana mgawanyiko huo, nami naona pande zote mbili zilisema kweli, kwa kuwa mmoja alipima ukubwa wa chumba na mwingine alipima kitendo cha kutoka. Mchoraji wa meli huweza kuipima mita ya mraba akiwa ofisini. Hamu ya mtu kusimama nje saa kumi na mbili alfajiri akiwa na kikombe chake cha kahawa haipimwi kwa rula.

Meli yetu ilichukua abiria wasiozidi mia saba, na hapakuwa na chumba hata kimoja kisicho na roshani. Siku ya kwanza ya kupokea wageni naikumbuka vizuri, kwa sababu sisi wahudumu tulikuwa na hofu kuliko wao. Walipofunguliwa milango walishika vifua, wakapiga picha kitanda kabla hakijakaliwa, wakafungua na kufunga kila droo, wakaisifu mashine ya kahawa, darubini iliyowekwa kwa ajili ya kutazama pwani, na sakafu ya bafu iliyotiwa joto. Palikuwa na orodha ya mito ya aina nane, ambayo mgeni angeweza kuagiza kama anavyoagiza chakula, na wengi waliagiza mitatu au minne kwa shauku. Kufikia siku ya nne, karibu kila chumba kilikuwa na mito imerundikwa juu ya kiti, na mtu amelalia ule aliokuta kitandani. Sisemi orodha ile ilikuwa bure, kwa maana yupo bwana mmoja mwenye maumivu ya shingo ambaye mto wa maganda ya nafaka ulimpa usingizi aliosema hajaupata kwa miaka. Kwa wengine furaha ilikuwa katika kuchagua, na ilikwisha walipokwisha kuchagua.

Lililoniumiza zaidi ni habari ya taa. Kando ya kitanda palikuwa na kibao cha kioo chenye alama ndogo za kugusa, ambazo kila moja iliwasha au kupunguza kundi fulani la taa, na kibao chenyewe kilitoa mwanga wa buluu usiku kucha. Mama mmoja mjane, aliyekuwa amevuka miaka themanini, alisafiri peke yake katika chumba kikubwa ambacho mumewe alikuwa amemwahidi kabla hajafariki. Kila asubuhi nilikuta taa ya bafu inawaka na kitambaa cha kuoshea uso kimefunika kile kibao. Safari hii nilikuwa nimejifunza kusoma. Nilimwomba ruhusa nimwonyeshe jinsi taa zinavyofanya kazi, naye akaniambia, akiwa ameinamisha macho, kwamba kwa siku tatu hakuweza kuzizima, na alipozizima zote hakuweza kuiona njia ya kwenda msalani, akaona afadhali alale na mwanga. Kisha akaniomba radhi kwa uzito wake wa kuelewa. Mtu wa umri wa bibi yangu, aliyelipa fedha nyingi apumzike, aliniomba radhi mimi kwa kosa la swichi. Tangu siku hiyo sijaweza kukiita kitu cha anasa ikiwa kinamfanya mtu mzima ajione mjinga chumbani mwake mwenyewe. Nilibandika vipande vidogo vya utepe mweupe juu ya alama mbili tu, ya kuzima zote na ya taa ya njia ya msalani, na bibi yule alilala gizani hadi tuliposhukia Lisbon.

Bafu nalo lilikuwa na somo lake. Lilikuwa na sinki mbili, beseni la kuogea, chumba cha manyunyu chenye mlango wa kioo, na kulabu moja nyuma ya mlango. Watu wawili, majoho mawili, taulo nne, nguo za kuogelea zenye maji ya chumvi, na kulabu moja. Nilikuta majoho juu ya taa ya kusomea, taulo zimetundikwa kwenye darubini, na suruali ya kuogelea ikining'inia kwenye kitasa cha mlango wa roshani. Hakuna mgeni aliyeandika neno kulabu katika kadi ya maoni mwishoni mwa safari. Waliandika kuhusu marumaru, kwa sababu marumaru ndiyo iliyowajia akilini walipotakiwa kutaja uzuri. Kadhalika henga za nguo: usiku meli ikienda mrama ziligongana kabatini kama njuga, na wageni, badala ya kutuita, walichomeka soksi katikati yake. Dari za meli mpya hulia pia, kwa kuwa mbao na vibao vyake havijakaa sawa, na mara kadhaa nilikuta karatasi ya orodha ya chakula imekunjwa mara nne na kupachikwa katika upenyo wa dari juu ya kitanda. Fundi seremala wa meli alipita baadaye na vipande vya kizibo akafanya kazi ileile kwa ustadi zaidi, lakini mgeni ndiye aliyemtangulia kuujua ugonjwa na dawa yake.

Somo kubwa kuliko yote nililipata katika Ghuba ya Biscay. Vyumba vya bei ya juu kabisa vilikuwa upande wa omo, sitaha za juu, ili mwenye chumba aone mbele kama nahodha anavyoona. Siku bahari ilipochafuka, vyumba hivyo vilipanda na kushuka kuliko vyote. Sababu yake haina fumbo: chombo hubembea juu ya mawimbi kama ubao wa watoto wa kupandishana, ncha zikienda juu na chini wakati katikati panatulia, na kadiri mtu anavyokaa juu ndivyo anavyotupwa kushoto na kulia kwa upana zaidi. Mimi nililala sitaha ya chini, karibu na katikati ya meli, katika chumba cha vitanda viwili vya juu na chini kisicho na dirisha, na usiku ule nililala. Asubuhi niliingia katika chumba kimoja cha kule mbele nikakuta godoro limevutwa kutoka kitandani hadi sakafuni, katikati ya sebule, na mtu na mkewe wameshikana mikono, nyuso zimewapauka kwa kulevywa na bahari. Yule mwanamume alisema kwa sauti ya kuuliza zaidi kuliko ya hasira kwamba walikuwa wamelipa kuliko wengine wote.

Nilikosa jibu la kumpa, lakini nilimkumbuka babu yangu mzaa mama, aliyekuwa baharia wa majahazi kati ya Tanga na Pemba. Alikuwa akitusimulia kwamba shetri, kule tezi nyuma ya chombo, ndiko kwenye heshima, ndiko walikokaa wake wa matajiri na mizigo ya thamani. Ila mama mjamzito au mgonjwa akipanda, nahodha mwenye huruma alimtandikia mkeka karibu na mlingoti. Tulikuwa watoto, tukalichukulia kuwa hadithi ya zamani. Babu hakuwahi kusoma habari za ujenzi wa meli, lakini alijua kwamba mahali pa heshima na mahali pa usingizi si lazima pawe pamoja, na alijua hivyo kwa sababu aliwatazama abiria wake usiku. Kwa idhini ya msimamizi wangu, wale wageni walihamishiwa usiku wa pili katika chumba kidogo cha katikati, sitaha ya tano, ambacho bei yake haikufika nusu ya cha kwao. Walilala saa kumi na moja mfululizo. Bahari ilipotulia walirudi juu, wakafurahi tena, na sioni kwamba walikosea kurudi.

Msimamizi wangu, mama wa Kifilipino aliyekuwa na zaidi ya miaka ishirini baharini, ndiye aliyenitaka niandike. Nilimweleza habari ya taulo na kibao cha taa, naye akanipa daftari, akasema nisiandike wanayosema wageni kwa kuwa hayo yameandikwa kwenye kadi, bali niandike walichosogeza. Niliandika namba ya chumba, kitu, na kilipohamishiwa. Kiti kilichogeuzwa kutazama bahari badala ya runinga. Meza ya kioo iliyosukumwa ukutani baada ya mtu kuigonga kwa goti. Waya wa simu uliopita juu ya mto kwa sababu soketi ilikuwa upande mmoja tu wa kitanda. Masanduku yaliyobaki yamefungwa chini ya kitanda, kwa kuwa wahudumu binafsi walijitolea kupanga nguo za wageni kabatini, na wengi, hasa wanawake wazee, walishukuru na kukataa, kisha wakaona haya kuzipanga wao wenyewe mbele yetu. Hilo la mwisho sikuhitaji kufafanuliwa. Nimelelewa Tanga, ambako mgeni hupewa chumba na funguo, na sanduku lake haliguswi.

Meli ikiwa mpya, kiwanda kilichoijenga huacha fundi wake ndani yake kwa muda wa dhamana, ili yanayoharibika yarekebishwe kwa gharama ya mjenzi. Daftari langu lilimfikia fundi huyo kupitia kwa msimamizi. Milango ya roshani ilibadilishwa mipira, kulabu tatu ziliongezwa katika kila bafu, na kibao cha taa kikawekewa uwezo wa kuzimwa mwanga wake. Mambo ya soketi hayakuwezekana kwa wakati ule. Sikuandikiwa barua ya pongezi na sikuihitaji. Nilipoingia asubuhi katika kile chumba cha sitaha ya tisa, wageni wakiwa wengine kabisa, nikakuta taulo zote ziko bafuni, nilipata furaha ambayo sijui niifananishe na nini.

Nitaje jambo moja kuhusu sisi tuliokuwa chini, maana vijana huniuliza. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, wa Shirika la Kazi Duniani, unamtaka mwenye meli ampe baharia mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika siku saba. Saa hizo si nyingi, na mtu aliyechoka hasomi alama za chumba. Huona vurugu, akazipanga, akaondoka. Siku nilizopata usingizi wa kutosha ndizo siku daftari langu lilipojaa. Mwajiri yeyote wa hoteli, hata huku kwetu, angepaswa kulifikiria hilo kabla ya kumlaumu mhudumu kwa kutokuwa mwangalifu.

Niliporudi, shangazi yangu alikuwa ameshaamua kwamba nyumba ya Raskazone iwe ya wageni, nayo ina vyumba vitano. Bandari ya Tanga imechimbwa hadi kina cha mita 13 na meli kubwa sasa hufunga gatini, ilhali marehemu baba yangu alifanya kazi maisha yake yote katika matishari yaliyokwenda kupakua mizigo kwenye meli zilizotia nanga mbali, na kwa hiyo mjini kuna matumaini ya wageni wengi zaidi. Shangazi alikuwa amekwisha kupanga bei. Chumba cha juu kinachotazama ghuba na kisiwa cha Toten ndicho kiwe ghali, na kile cha nyuma, chini ya mwembe, kiwe rahisi.

"Shangazi, shikamoo. Naomba nilale kwanza katika kila chumba, siku tatu tatu, ndipo tuandike bei."

"Marahaba, mwanangu. Umelala humu tangu utotoni, unatafuta nini tena?"

"Nililala kama mtoto wa nyumba. Sijalala kama mgeni."

Alinitazama kwa muda, kisha akanipa funguo zote tano. Kile chumba cha ghuba ni kizuri hadi magharibi. Ukuta wake hupigwa na jua la alasiri, ukalihifadhi joto na kulitoa taratibu hadi usiku wa manane, na umeme ukikatika hakuna pangaboi wala kiyoyozi cha kumwokoa mtu. Chumba cha mwembe kina giza kidogo na hakina bahari, lakini hewa yake ni baridi, na nililala humo kama nilivyolala kule sitaha ya chini katika Ghuba ya Biscay. Hatukubadili bei ya chumba cha juu, kwa sababu mandhari ile ina thamani yake. Tulipanda mti wa mkungu upande wa magharibi, ambao utahitaji miaka kadhaa kutoa kivuli, na kwa sasa tumetundika chiki, yaani mapazia ya makuti, nje ya dirisha. Mgeni anayekuja na mtoto mchanga au mzee tunamweleza tofauti ya vyumba viwili hivyo kabla hajalipa. Wengi huchagua mwembe.

Mwezi uliopita tulipokea mama na binti yake kutoka Ujerumani, waliokuwa wakielekea Amani, katika milima ya Usambara. Nilijua kwamba ua dogo la zambarau wanaloliweka madirishani mwao wao huliita kwa jina la Usambara, kwa sababu mbegu zake zilipelekwa Ulaya na ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga mwishoni mwa karne ya 19, na nilitaka waikute asili yake ikiwangoja. Nikanunua chungu kimoja, nikakiweka juu ya kimeza kilicho kando ya kitanda. Mama yule alipoingia alilia machozi, akasema marehemu mama yake alikuwa na maua kama hayo jikoni. Nilifurahi mchana kutwa.

Asubuhi walipokwenda kunywa chai niliingia kutandika. Chungu kilikuwa sakafuni, chini ya dirisha, kimewekwa kwa uangalifu juu ya kisahani ili kisichafue zulia. Juu ya kimeza palikuwa na miwani, chupa ya maji, kitabu, vidonge na simu, vimebanana hadi ukingoni. Nikatoa futi mfukoni, nikapima kimeza: sentimita 30 kwa 30. Alasiri hiyo nilikwenda kwa fundi seremala wa Barabara ya Kumi, nikaagiza vimeza kumi vyenye upana wa sentimita 50, na kila kimoja kiwe na rafu ya chini.